Kidole Gumba cha Mama Elvis

Picha ilikuwa ya ukurasa mmoja wa riwaya, na juu ya ukurasa huo palikuwa na kidole gumba. Kidole kinene cha mwanamke, kucha ina rangi nyekundu iliyoanza kubanduka, kimebanwa katikati ya mstari kufunika neno moja tu. Chini ya picha Mama Elvis alikuwa ameandika: "Wazazi wenzangu, haya ndiyo watoto wetu wanasomeshwa. Neno lenyewe siwezi kuwaonyesha, mimi ni mama wa watu. Kitabu hiki kitoke shuleni!"

Kufikia magharibi picha ilikuwa imetoka kundi la WhatsApp la wazazi ikazunguka Garsen nzima, ikateremka Ngao, ikafika Kau, na mtu mmoja wa Kinakomba, asiye na mtoto wala mpwa katika Shule ya Upili ya Kingoni, akaandika kwamba dunia imekwisha. Neno lenyewe hakuna aliyekuwa ameliona. Walichokiona ni kidole. Kila mmoja alikitazama, akafikiria neno bovu kuliko yote aliyowahi kuyasikia, akaliweka pale chini ya kucha ya Mama Elvis, kisha akakasirika.

Mwalimu Nuriya, ambaye ndiye aliyekuwa akiisomesha riwaya hiyo, aliitazama picha mpaka macho yakamuuma, akaitupa simu kitandani. "Ya Rabi, nipe subira," alisema. Alikuwa akiiomba subira hiyo tangu ahamishiwe Kingoni, na mpaka sasa alikuwa amepewa kidogo sana.

Riwaya iliitwa *Malisho ya Ng'ambo*. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wameiteua itahiniwe nchi nzima, na Kidato cha Nne walikuwa wamebakisha nusu muhula tu kabla ya mtihani wenyewe. Ndani yake mna mzee wa Kiorma anayevusha ng'ombe wake mto wakati wa ukame, na kwenye ukurasa wa themanini na tatu mzee huyo anamwekea mkono kichwani bintiye anayekwenda shule, anamwombea: kizazi chako kikue, mvua ikufuate, ng'ombe wako waongezeke wafike elfu moja. Ila mwandishi, badala ya kuandika elfu moja kama watu wenye huruma, aliliacha neno la Kiorma lilivyo, wala hakuweka tanbihi. Pengine aliona linapendeza. Pengine alikuwa na haraka. Nuriya alikuwa amemlaani mara nyingi, kwa adabu.

Neno lenyewe, tuliseme tuondokane nalo, ni *kuma*. Kwa Kiorma ni elfu moja, wala hakuna zaidi ya hapo, na mtu mwenye ng'ombe hulitaja kwa heshima. Kwa Kiswahili kila mtu anajua ni nini. Kule Kipini alikozaliwa Nuriya, mtoto akilitamka hupakwa pilipili. Yeye mwenyewe alilitamka mara moja akiwa mdogo, kwa kumuiga mlevi mmoja aliyepita uchochoroni, na mamake, Bi Mishi, akamwambia, "Hebu fungua kanwa," akamsugua pilipili ulimini huku akisoma audhubillahi. Tangu siku hiyo neno halikupita tena midomoni mwake.

Ndiyo maana, siku darasa lilipofika ukurasa ule, mambo yaliharibika upesi. Aliyekuwa akisoma kwa sauti ni Gumato, mjukuu wa Mzee Gollo, msichana wa Kiorma aliyekuwa akiongoza darasa kwa Kiswahili ingawa Kiswahili alikikuta shuleni. Alisoma vizuri, bila kusita, na alipolifikia neno lile alilisoma kama alivyolisikia nyumbani kwao maisha yake yote. Darasa likalipuka. Elvis, mwana wa Mama Elvis mwenyewe, aliteleza chini ya dawati akishika tumbo. Gumato aliinua macho, akatazama huku na huku, na ilimchukua muda kuelewa wanacheka nini.

"Ruka hilo, endelea," Nuriya alisema haraka.

Gumato aliliruka, akaendelea. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na kengele ilipolia alitoka bila kumuaga mtu.

Mwisho wa juma Elvis alikwenda nyumbani Ngao akamsimulia mamake kituko hicho, akitarajia naye atacheka. Mama alikuwa akikifunga kitabu jalada la gazeti. Akakifungua, akatafuta ukurasa, akaomba apewe simu.

*

Jumatatu vitabu vyote vilikusanywa vikafungiwa stoo, pamoja na majembe na mipira iliyopasuka. Gumato hakuja shule. Jumanne hakuja pia. Ujumbe uliletwa na msichana wa jirani yao: Mzee Gollo, ambaye pia ni mwanabodi wa shule, amesema mjukuu wake hatakanyaga Kingoni mpaka kitabu cha matusi kiondolewe mbele ya wazazi wote.

Nuriya aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu akiwa hata hajamaliza kubisha.

Bwana Fondo alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomchosha Nuriya zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumgombeza kisha ukalala usingizi wako. Alikuwa mpole, alipenda kila anayeingia ofisini mwake atoke akitabasamu, na kwa sababu hiyo hapakuwa na jambo lililowahi kuamuliwa humo.

"Umelisoma neno lenyewe, Mwalimu Mkuu?"

"Sikulisoma. Nililiona."

"Basi unajua si tusi. Ni Kiorma. Ni hesabu."

"Umeniambia, na nimekuamini. Lakini limeandikwa kwa herufi zile zile, Mwalimu Nuriya. Mtu akiliona haoni kabila lake."

"Basi waeleze wazazi."

"Niwaeleze nini? Nisimame mbele ya wachungaji na maustadhi, niseme, wazazi wapendwa, neno hili..." Alikohoa, akanywa maji. "Haiwezekani."

"Mficha uchi hazai, Bwana Fondo."

Mwalimu Mkuu aliutazama mlango kuhakikisha umefungwa. "Hata methali hiyo usije ukaitaja mkutanoni."

Nuriya alicheka bila kupenda, kisha akaudhika kwa kuwa amecheka. Alimuuliza: mtihani ukitoa swali kuhusu sura ile, watoto wajibu nini? Wachore kidole? Bwana Fondo akasema Mama Elvis amependekeza njia ya kati. Ukurasa ule mmoja ukatwe kwa wembe katika kila nakala. Kitabu kina kurasa zaidi ya mia mbili, mmoja ukitoka utamdhuru nani?

"Leo ukurasa. Kesho kuna mlevi ukurasa wa kumi, tutamkata. Kesho kutwa kuna mke anayemjibu mumewe. Tutabaki na jalada, Mwalimu Mkuu, na bei yake nyuma."

"Nikuambie ukweli," alisema Bwana Fondo, akaishusha sauti. "Wapokomo wana mashamba, Waorma wana ng'ombe. Tangu nije hapa sijawaona wazazi hawa wakikubaliana jambo lolote, hata rangi ya sweta. Sasa wamekubaliana. Mama Elvis na Mzee Gollo wako upande mmoja! Unataka niwe mimi wa kuwagombanisha?"

"Wamekubaliana juu ya kidole!"

"Amani ni amani," alisema Mwalimu Mkuu, "hata ikiwa ya kidole."

*

Alasiri hiyo Nuriya alipanda boda boda hadi kwa Mzee Gollo, ng'ambo ya vichaka vya mathenge, akila vumbi na kupanga maneno. Alikuwa ameamua. Akishamweleza mzee kwamba neno lenyewe ni la kwao, mambo yamekwisha, msichana anarudi darasani, na Mama Elvis atafute ukurasa mwingine wa kuuwekea kidole.

Gumato alimlaki kabla hajafika mlangoni. Alikuwa na kibuyu cha maziwa mkononi, na hakutabasamu.

"Mwalimu, umekuja kumwambia?"

"Nimekuja kukurudisha shule."

"Babu hajui," alisema Gumato. "Hajui neno hilo kwa Kiswahili ni nini. Tafadhali usimwambie."

Nuriya alidhani anatania. Mtu ameishi Garsen mpaka mvi zimemjaa, asijue? Lakini alipofikiri aliona inawezekana kabisa. Kiswahili cha Mzee Gollo kilikuwa cha mnadani, cha chumvi na dawa za mifugo. Matusi hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumtukana, na vijana wakimwona anakuja na bakora yake huikata mizaha yao katikati.

"Anatuombea kwa neno hilo kila asubuhi," Gumato aliendelea. "Anatushika kichwa, mmoja mmoja. Akijua watu wanacheka nini, atalisema tena vipi? Afadhali ukurasa ukatwe."

"Na mtihani?"

"Nitasoma nyumbani."

"Kwa kitabu gani, Gumato? Vimefungiwa na majembe."

Msichana alikitazama kibuyu. Nuriya alitaka kumkumbatia, na alitaka vilevile kumtikisa mabega mpaka akili imrudie. Miaka minne ya kuamka alfajiri, msichana wa kwanza ukoo mzima kufika kidato hicho, yote aitupe kwa ajili ya neno moja! Lakini alimwahidi. "Sitamwambia," alisema, akaingia ndani.

Mzee Gollo alimkaribisha kwa heshima zote. Alikuwa mwembamba, mrefu, kikoi chake kisafi, na alihakikisha kwanza mgeni amekunywa maziwa.

"Mimi napenda shule, mwalimu," alisema. "Huyu mtoto nilipeleka mimi mwenyewe. Watu alinicheka, alisema, Gollo, msichana anasoma, nani atakamua? Nikasema, ng'ombe itakamuliwa. Lakini tusi, hapana. Nimeambiwa iko neno moja ndani, mbaya sana, mpaka mama ya Ngao ameshindwa kutaja. Mama ya heshima ile. Sasa mtoto yangu asome?"

"Si tusi, mzee. Ni hesabu tu."

"Hesabu iko na mwalimu yake. Wewe ni ya Kiswahili."

"Ni hesabu, wallahi. Ni idadi."

"Ngapi?"

Nuriya alifungua mdomo. Nyuma ya mzee, mlangoni, Gumato alikuwa akimtazama bila kupepesa.

"Nyingi, mzee," alisema Nuriya.

"Nyingi sio hesabu," alisema Mzee Gollo kwa upole, akamwongezea maziwa.

Njiani kurudi Nuriya alimkasirikia kila mtu kwa zamu. Alianza na mwandishi na uvivu wake wa tanbihi, akaenda kwa Mama Elvis, akaenda kwa Bwana Fondo na amani yake, akamalizia kwa dereva wa boda boda, ambaye kosa lake pekee lilikuwa kuuliza kama mwalimu ameiona ile picha.

*

Mkutano wa wazazi ulifanywa Jumamosi katika bwalo la kulia chakula, lililokuwa bado linanuka maharagwe ya jana. Wapokomo walikaa upande wa jikoni, Waorma upande wa mlango, kama ilivyo ada, lakini leo walikuwa wakipungiana mikono. Wanafunzi walikuwa wamejazana madirishani. Gumato aliruhusiwa ndani ili amfasirie babu yake pale Kiswahili kitakapokuwa kigumu.

Mama Elvis alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Hakuwa mjinga, na Nuriya aliona afadhali angekuwa mjinga.

"Mtaniambia mtoto atalisikia neno hilo barabarani," alisema. "Ni kweli. Barabarani kuna mengi. Lakini mimi nilimleta Elvis shule ili apate pahali pamoja tu ambapo mtu mzima anamwambia, hili hapana. Kama mwalimu naye atamwambia hili ndiyo, mimi nibaki na nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Alipigiwa makofi pande zote mbili. Bwana Fondo alifurahi mpaka akasahau ile njia ya kati. Wembe ukasahaulika. Mtu mmoja akasema ukurasa mmoja hautoshi, mwingine akasema kitabu kizima kina harufu, na kila aliyesimama alikuwa mkali kuliko aliyekaa. "Neno lile," walisema. "Lile neno." "Hilo tunalolijua." Hakuna aliyelitaja, na Nuriya aliapa moyoni kwamba nusu yao walikuwa wakizungumzia neno jingine kabisa.

"Basi nadhani tumeafikiana," alisema Bwana Fondo. "Riwaya hii haitasomeshwa Kingoni. Siku ya mtihani, swali la riwaya watoto wetu wataliacha."

Watoto wetu wataliacha. Alilisema kama mtu anayesema leo hatutakunywa chai. Mzee Gollo alipofasiriwa alitikisa kichwa kukubali, akanong'ona na mjukuu wake. Gumato akasimama kulisema neno la babu, macho yakiwa sakafuni: mzee anashukuru, lakini shule iliyokuwa na kitabu hicho imemtia shaka. Mjukuu wake atakaa nyumbani mwaka huu. Mwakani wataona.

Nuriya alijua mwakani maana yake nini. Alikuwa amewahi kuwa na wanafunzi wa mwakani, wasichana hodari, na sasa alikuwa akikutana nao sokoni wamebeba watoto, wakimwamkia kwa Kiswahili sanifu. Aliikumbuka ahadi yake. Kisha alisimama.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "kabla hatujaenda. Kila mwaka Mzee Gollo huwaombea watahiniwa dua kwa Kiorma, na sote huitikia Amin. Mwaka huu hata kama kitabu kimetoka, mtihani haujatoka. Namuomba mzee atuombee. Ila leo, mzee, polepole kidogo, tuitikie vizuri."

"Mwalimu," alisema Gumato kwa sauti ndogo.

Nuriya hakumtazama.

Mzee Gollo alisimama kwa furaha, maana dua haikataliwi. Akainua viganja vyake vikavu. Aliomba amani, watu wakasema Amin. Aliomba mvua, wakasema Amin. Mama Elvis alikuwa amefumba macho, akiitikia kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mama wa sala na hakubagua lugha. Mzee aliomba vizazi, aliomba maziwa, kisha, polepole kama alivyoombwa, neno kwa neno, akawaombea watoto wa Kingoni waongezeke wafike *kuma*.

Amin ikatoka nusu, ikakwama.

Dirishani mtu alicheka mara moja, akazibwa mdomo. Mama Elvis alifumbua macho. Mkono wake ulipanda mdomoni wenyewe, na Nuriya alikiona kile kidole gumba na kucha yake nyekundu.

"Hilo ndilo neno lililo chini ya kidole," Nuriya alisema. "Ni elfu moja. Mzee anawaombea watoto wetu wafike elfu moja, na mzee wa kitabuni anamwombea bintiye vivyo hivyo. Mmelisikia neno hili kila mwaka. Kila mwaka mmesema Amin."

Mzee Gollo alikuwa bado ameinua viganja. Alimuuliza mjukuu wake kitu kwa Kiorma. Gumato alijibu kwa maneno machache. Akamuuliza tena, na safari hii msichana alijibu huku analia. Mzee aliteremsha mikono. Aliwatazama wazazi mmoja mmoja, upande wa jikoni na upande wa mlango, na hakuna aliyeweza kumtazama.

"Mwaka mingi naombea nyinyi," alisema. "Hii neno iko ndani. Mlikuwa mnacheka?"

"Hapana, mzee wangu!" Mama Elvis alisimama, machozi yakimlengalenga. "Haki ya Mungu, hatukuwa tukicheka. Hatukusikia."

"Na mlisema Amin."

"Tulisema."

"Bila kusikia."

Mama Elvis alikaa. Mzee Gollo aliinama akaokota bakora yake, na safari hii ilimchukua muda kuinuka.

"Kitabu iko sawa," alisema. "Rudisha. Mtoto atasoma." Kisha akatoka, Gumato nyuma yake.

Hapakuwa na haja ya kura. Bwana Fondo aliushika mkono wa Nuriya kwa mikono yake yote miwili, akamwambia ameiokoa shule. Jioni Mama Elvis aliifuta ile picha, akaandika kwamba wazazi tulikosea, ni hesabu tu, Mungu atusamehe, akaweka picha ya maua. Yule mtu wa Kinakomba aliuliza hesabu gani. Hakujibiwa.

*

Jumatatu vitabu vilirudi darasani vikinuka panya, na Gumato alirudi, sare yake imepigwa pasi. Aliamkia kama kawaida. Nuriya alikuwa amekaa siku mbili akijiambia kwamba ameshinda, na alipomwona msichana dawatini pake alikaribia kuamini.

"Tuendelee pale tulipoachia," alisema. "Themanini na tatu. Gumato, tusomee."

Elvis alikuwa amekikazia macho kitabu chake kama mtu anayesali. Gumato alisimama, akasoma: kizazi chako kikue, mvua ikufuate, ng'ombe wako waongezeke wafike elfu moja.

Akaendelea na sentensi ya pili.

"Ngoja," alisema Nuriya. "Kitabuni hapakuandikwa elfu moja. Soma kilichoandikwa."

"Ndivyo anavyosema babu tangu Jumamosi, Mwalimu." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililouma. "Anatushika kichwa, anaomba kwa Kiorma vizuri tu, akifika hapo anasimama. Anasema elfu moja. Kisha anaendelea."

Nuriya alitafuta mtu wa kumkasirikia. Mwandishi alikuwa mbali, Mama Elvis ameshaomba msamaha, Bwana Fondo hakasirikiki. Aliyekuwa amebaki darasani humo ni yeye. Aliyemwambia Gumato aruke alikuwa nani? Si mzazi, si bodi, si kidole. Na aliyemsimamisha mzee wa watu mbele ya bwalo zima alitamke neno ambalo yeye mwenyewe, mwalimu wa lugha, hakuthubutu kulitamka hata mara moja, ofisini, kwa mzee mwenyewe, mkutanoni? Hata siku ile alisema tu, hilo ndilo neno.

"Kaa, Gumato," alisema. "Nitasoma mimi."

Akaichukua nakala ya mezani. Alianza juu ya ukurasa, pale mzee anapomwekea bintiye mkono kichwani. Alisoma kizazi, alisoma mvua, alisoma ng'ombe, na kadiri neno lile lilivyokaribia alihisi ulimi unawaka pilipili za Bi Mishi, miaka yote hii. Akalifikia. Akalisema. Lilitoka kwa nguvu, likagonga ukuta wa nyuma, na mtu fulani huko nyuma akakohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Elvis hakucheka. Nuriya aliendelea kusimama, uso umemwiva.

"Si hivyo, Mwalimu," alisema Gumato.

"Si hivyo vipi?"

"Umelikaza mno. Lifupishe." Msichana alifikiri kidogo, akitafuta namna ya kumfundisha mwalimu wake bila kumvunjia heshima. "Liseme kama mtu anayehesabu, si kama mtu anayetukana."

Nuriya alirudi mwanzo wa sentensi.